Jino la Mwenye Ndiva

Kila asubuhi Babu alianza kwa kuvua kofia. Kisha alichota maji ya ndiva, bwawa letu la umwagiliaji, kwa kiganja, akayadondosha juu ya jiwe lililokaa mdomoni mwa bwawa, pale panaposemwa amelala aliyelichimba, na kusema kama mtu anayemwamsha mwenzake, "Kunywa kwanza, mwenyewe." Baada ya hapo ndipo alipoweka kiganja kile kile, bado kina maji, juu ya kioo cha lango. Lango lilionja jasho lake, likamkaribisha, na maji yakateremka mferejini kwenda kwenye tangawizi yetu. Ilikuwa lazima mkono ubaki pale pale muda wote wa zamu. Ukiuondoa, lango linajifunga. Kamati ya maji ilitaka hivyo ili mtu asifungue maji akaenda kulala.

Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake na jembe, nikisubiri aseme, "Haya, Nakiete, kayapokee."

Asubuhi hiyo jiwe halikuwa mahali pake. Mafundi waliokuja juzi yake walikuwa wamelisukuma pembeni, kwenye majani, ili wapitishe nyaya. Babu alilitazama kidogo, akalifuata huko huko, akalinywesha. Kisha akarudi na kuweka kiganja.

"Samahani," lango lilisema. "Wewe si wa uzao wa aliyechimba ndiva."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka. Hata mimi nilitabasamu. Lango lilikuwa limepewa sauti ya Mzee Eliakunda, mwenyekiti wa kamati ya maji, na kusikia sauti ile ya mikutano ikimwambia Babu maneno yale ilikuwa kama utani wao wa kila siku.

"Togolani, umenawa kwa sabuni gani leo?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Atakuwa ameshika mkia wa punda!"

Babu alipangusa kiganja kwenye suruali, akakirudisha.

"Samahani. Wewe si wa uzao wa aliyechimba ndiva."

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yametulia nyuma ya lango, karibu kabisa na vidole vyake. Babu aliendelea kukaza mkono kana kwamba kioo kingechoka kabla yake. Mimi nilimwona, nikatazama chini. Sijui kwa nini nilitazama chini. Ndivyo nilivyo, mtu ninayempenda akiaibika mimi ndiye ninayekosa pa kuweka macho.

Fundi Masalu, kijana wa kampuni ya mjini iliyofunga lango, alitoka kwenye kibanda cha pampu akiwa na chai mkononi.

"Mzee, shikamoo. Lango halina tatizo," alisema kwa upole. "Zamani lilikuwa linakariri viganja tu. Sasa kamati imetaka lifuate shina. Tumetoa jino kwenye fuvu la mchimbaji, Mzee Kirumbe, kule pangoni, tukasoma vinasaba vyake. Kila kiganja kinalinganishwa na jino lile. Wenzako wote limewapokea."

"Na mimi?"

Fundi alitazama chai yake.

Mzee Eliakunda mwenyewe alikuwa amefika, amevaa koti lake la vikao. Yeye na Babu walikwenda jando pamoja, na kwa miaka yote niliyowajua walikuwa hawawezi kupishana njiani bila kutukanana kwa furaha. Siku hiyo hakumtukana.

"Ndugu yangu Togolani, tuseme kwamba hili ni suala la kiutaratibu," alisema. "Kamati italitazama kwa kina."

"Eliakunda, sema unachotaka kusema."

"Ndiyo nasema. Ni utaratibu."

Babu alibaki na kofia mkononi, akaanza kupanda njia ya nyumbani bila kunigeukia.

*

Nyumbani tulimkuta Shangazi Namkunda ameshapata habari. Shangazi hapitwi na jambo. Alikuwa ameketi barazani akimenya viazi, na kisu chake kilikwenda kasi kuliko kawaida.

"Basi leo ndiyo wamelisema kwa mashine," alisema. "Miaka yote walikuwa wanalisema visimani."

"Namkunda, nyamaza," Babu alimwambia.

"Sinyamazi. Huyu mtoto amesoma, aambiwe." Akanigeukia. "Sisi ni wa Kiondo. Kiondo na Senkoro ndio wana wawili wa Mzee Kirumbe, aliyechimba ndiva na kukipa kijiji jina. Kijiji kizima, ukitutoa sisi, ni cha Senkoro. Sasa wao husema mama wa hao wana wawili, Nambike, aliokotwa na Kirumbe huko bondeni wakati wa njaa, na Kiondo alikuwa tayari yumo tumboni. Baba hajulikani. Nikigombana na mtu sokoni, hilo ndilo la kwanza kunitupia. Mtoto wa njiani."

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, viganja vyote viwili vimelala magotini, vimeelekea juu. Kutoka pale tuliiona tangawizi yetu. Majani yalikuwa yameanza kujikunja. Mvua za vuli zilikuwa zimeacha kuja tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na bila ndiva shamba lile lingekauka kabla ya mwezi kuandama.

"Nakiete," alisema. "Kile kibakuli chako cha chuoni kinaweza kumsoma mtu aliyekufa zamani?"

"Kinaweza, Babu. Nikipata jino."

"Basi twende tukamuulize Kiondo mwenyewe."

Nilitaka kumwambia asiulize. Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kumsomea mtu ukoo wake lazima umuulize kama yuko tayari kwa jibu lolote. Nilifungua mdomo nimuulize, nikaona vile viganja, nikaenda kuchukua kibakuli.

*

Pango la ukoo liko juu ya msitu, mahali ambapo ukuni hauokotwi. Wazee wa zamani, mtu akishazikwa na muda ukapita, walikuwa wakirudi kukitoa kichwa chake na kukileta hapa, kila kimoja ndani ya chungu chake. Desturi ile iliisha zamani, ila vyungu viko. Kirumbe yuko katikati, chungu kikubwa kuliko vyote. Kulia kwake Senkoro, kushoto kwake Kiondo, na mbele ya miguu yetu chungu kidogo cha Nambike.

Babu aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Kisha akaingiza mkono kwenye chungu cha Kiondo taratibu, kama anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia, akanipa jino.

Kibakuli changu ni kifaa cha kawaida, kila mwanafunzi wa vinasaba anacho. Unaweka jino ndani, unafunika, unasubiri. Kinachosomwa ni mambo mawili. La kwanza ni vinasaba, ambavyo vinasema mtu ni mtoto wa nani. La pili ni maji. Jino la mtoto hukua huku likinywa, na kila mlima na kila bonde lina chumvi zake ndani ya maji yake. Chumvi zile hukaa kwenye jino hata baada ya mwenye jino kuwa vumbi. Kwa hiyo unaweza kujua mtu alilelewa kwa maji ya wapi.

Nilisoma jino la Kiondo, la Senkoro, la Nambike. Kirumbe sikuhitaji kumgusa, usomaji wake nilikuwa nimeupata kwa fundi Masalu. Nilipanga nyuzi zao za vinasaba kwenye mwanga wa kibakuli. Mama alikuwa mmoja, hilo lilionekana mara moja. Uzi wa Senkoro ukajisokota na wa Kirumbe. Uzi wa Kiondo ukabaki umesimama peke yake.

"Sema," Babu alisema.

Sauti yangu ilitoka ndogo sana. "Kiondo si mtoto wa Kirumbe, Babu."

Babu alikaa chini kwenye mchanga wa pango, polepole, akishika ukuta. Mtu aliyekuwa akilinda ndiva ile tangu ujana wake, aliyeweza kutaja vizazi vyote hadi Kirumbe bila kuvuta pumzi, alikaa akatazama kile chungu kikubwa kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa na mlango usio wake.

Nilikuwa nalia tayari. Nilikuwa nafunga kibakuli huku nalia, ndipo nikaona ule mstari wa pili wa Nambike, wa maji, na haukuwa wa bondeni. Nilifuta machozi nikauangalia tena. Kisha nikachukua tochi nikamulika ndani ya chungu cha Kirumbe.

Meno yake yalikuwa ya kahawia. Si ya kuoza, mazima kabisa, ila yana madoa ya kahawia yaliyozama ndani.

"Meno ya ugoro," Babu alisema bila kunitazama. "Kila mtu anajua. Kirumbe alipenda ugoro."

"Ugoro unapaka juu, Babu. Haya yametoka ndani. Haya ni meno ya mtu aliyekunywa maji ya magadi utotoni. Umeshawaona watu wa nyika, wale wa visima vya chumvi?"

Sasa alinitazama.

"Kirumbe hakukulia mlimani," nilisema. "Nambike amekulia hapa. Kiondo amekulia hapa, jino lake ni maji ya ndiva hii hii. Kirumbe ndiye aliyepanda kutoka bondeni, Babu, na alipopanda alikuwa mtu mzima."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kutoka ukutani.

"Kama ni hivyo," Babu alisema, "alimkuta nani hapa?"

*

Jibu lilikuwa ndani ya ndoo ya rangi, nyuma ya mlango wa kibanda cha pampu, tuliposhuka kuuliza chini ya lile jiwe kulikuwa na nini.

"Tulipoondoa lile jiwe tulikuta chungu kimevunjika," fundi Masalu alisema. "Ndani yake kulikuwa na hili taya na vipande vingine. Sikutaka kutupa, nikajua haya ni mambo ya watu. Nilimwambia mwenyekiti. Akasema niyaweke, kamati itatazama."

Babu aliinama juu ya ndoo. Niliona midomo yake ikicheza, na nikajua anasema nini ingawa sauti haikutoka. Kunywa kwanza, mwenyewe.

Nilisoma jino nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Uzi wa Kiondo, ule uliosimama peke yake pangoni, ulijisokota na uzi huu mpya toka mwanzo hadi mwisho. Baba na mwana. Tena maji yake yalikuwa maji ya kijito cha juu kinachojaza ndiva, ya kabla hakijazuiwa kuwa bwawa.

Babu alinishika mkono tukatoka nje. Kwenye ukuta wa ndiva wanawake walikuwa wakifua na kucheka. Mkwe wa Mzee Eliakunda alikuwa miongoni mwao, amembeba mgongoni mtoto aliyezaliwa majuzi, kichwa chake kidogo kikiyumba.

"Usiseme," Babu aliniambia.

"Babu! Ndiva ni yako. Sheria yao yenyewe inasema—"

"Najua sheria inasemaje. Maji ni ya uzao wa aliyechimba. Basi hesabu wewe uliyesoma. Ukisema, mimi nitakunywa. Eliakunda atakunywa nini? Yule pale mgongoni atakunywa nini?"

Nitasema kweli, moyoni nilikuwa na hasira iliyonishangaza. Nilitaka lango liwaambie wao pia. Mara moja tu. Nilitaka waisikie ile samahani.

*

Mkutano ulifanyika pale pale ukutani mwa ndiva, watu walipotoka kanisani. Walijaa hadi kwenye kingo za mifereji. Mzee Eliakunda alisimama kando ya lango, koti limefungwa vifungo vyote ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Kamati imelitazama suala hili kwa moyo wa undugu," alisema. "Hatumfukuzi mtu. Tuseme kwamba nyumba ya Kiondo itapata maji ya wageni. Wenyeji wakishamaliza zamu zao, kitakachobaki ni chao."

Kila mtu pale alijua kinachobaki. Tope na vyura.

"Mimi ni mgeni?" Babu aliuliza.

"Ni neno la kiutaratibu tu."

"Eliakunda. Sema unachotaka kusema."

"Nimeshasema, ndugu yangu."

Babu alitazama watu. Wengine walitazama miguu yao kama mimi nilivyofanya siku ile. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikuwa amesimama kando ya maji, kichwa wazi, kofia mkononi. Akaivaa. Akaivaa pale pale ndivani, kama mtu anayepita njia kwa watu asiowajua.

Nikasikia mtu akipaza sauti, "Hapana!" Na kila mtu akanigeukia, nikatambua kwamba mtu huyo ni mimi.

Sijawahi kusema mbele ya watu wengi. Chuoni nilipata alama mbovu kwa kushindwa kusoma kazi yangu darasani. Babu alikuwa akitikisa kichwa, usiseme, usiseme, nami nilikuwa nikisema. Nilisema kuhusu meno ya kahawia. Nilisema kuhusu maji. Nilimwomba fundi Masalu alete ndoo, akaileta, nikalitoa taya la chini ya jiwe nikaliinua wote walione.

"Uongo," mtu alisema. "Chini ya jiwe amelala Kirumbe. Aliyechimba ndiva hulazwa mdomoni mwa ndiva, hata mtoto mdogo anajua."

"Kweli kabisa," Shangazi Namkunda alijibu. Alikuwa amesimama juu ya ukuta, mikono kiunoni. "Kiwiliwili mdomoni mwa ndiva, kichwa pangoni. Tumeambiwa hivyo tangu wadogo. Sasa kichwa cha Kirumbe kiko pangoni, mmekitoa jino wenyewe. Na hiki kilichokuwa chini ya jiwe ni nini, kiazi? Mtu ana kichwa kimoja tu, jamani!"

Nilisikia maji yakilamba mawe. Miaka yote walikuwa wakipita pale wakidondosha maji kwa Kirumbe, na Kirumbe hakuwahi kuwa pale.

Mzee Eliakunda alikuwa amefumba macho.

Fundi Masalu alikohoa. "Mkataba wangu unasema shina ni aliyechimba," alisema. "Nafuata mkataba." Alichomoa jino kwenye taya nililoshika, akalitia kwenye kijitundu cha lango. Taa ilizimika, ikawaka tena. "Jaribu, mzee."

Babu hakutaka. Shangazi alimsukuma. Akaweka kiganja.

"Karibu, nyumba ya Kiondo."

Maji yakaanguka mferejini kwa kishindo. Babu aliutoa mkono haraka kama aliyeungua, lango likajifunga.

Mzee Eliakunda alikaribia kioo. Nadhani hakutaka kufanya vile, nadhani mwili wake ulikwenda wenyewe. Aliweka kiganja chake kipana, na sauti yake mwenyewe, ile ya mikutano, ikamwambia mbele ya kijiji chote, "Samahani. Wewe si wa uzao wa aliyechimba ndiva."

Walifuata wengine. Walijaribu mmoja baada ya mwingine, wakisukumana, wakipangusa mikono kwenye nguo zao za kanisani. Samahani. Samahani. Samahani. Mkwe wa Mzee Eliakunda aliweka mkono wake, lakini yeye ameolewa hapa, anatoka mlima mwingine, hivyo akachukua kile kiganja kidogo cha mtoto akakiweka kwenye kioo. Samahani, lango lilimwambia mtoto. Mama yake akaanza kupiga kelele.

Nilikuwa nimeitaka samahani ile. Sasa niliisikia, na sikuitaka tena. Nilimtafuta Babu kwa macho.

Alikuwa amevua kofia. Alikwenda kwenye majani, kwenye lile jiwe, akalidondoshea maji, akasema maneno yake. Kisha akapenya katikati ya watu, akamwondoa mtoto kwenye kioo taratibu, akaweka kiganja chake.

"Karibu, nyumba ya Kiondo."

Maji yalitoka. Babu aliegemeza kiwiko kwenye ukuta kama mtu anayejiandaa kukaa muda mrefu.

"Zamu ya nani?" aliuliza. Watu walimtazama tu. "Nauliza zamu ya nani! Mnataka nisimame hapa mpaka Krismasi? Fungueni mifereji yenu."

Walikimbia. Nilisikia majembe, nilisikia watoto wakiitana kutoka shamba hadi shamba, maji yakiwafuata. Kando ya lango tulibaki mimi, Babu na Mzee Eliakunda. Jua lilikuwa likimpiga Babu usoni na mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka.

"Utachoka, Togolani," Mzee Eliakunda alisema.

"Nitachoka."

"Na kesho?"

"Kesho pia nitachoka. Tena nimekuwa mzee, mkono huu utaoza siku moja. Mtafute njia nyingine kabla ya hapo." Babu aligeuza kichwa. "Ulijua kuhusu taya?"

"Sikujua ni la nani. Tuseme kwamba sikutaka..." Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalishika mikononi kama hajui la kulifanyia. Uso wake ulikuwa umelowa. "Si suala la utaratibu," alisema.

"Basi sema."

"Maji hayatutoshi. Tangu vuli ziache kuja hayatutoshi, na mimi ndiye ninayepima kina kila jioni. Nilitaka nyumba moja itoke, Togolani. Sikujali ipi. Niliomba tu isiwe yangu."